Amplifaya ya bumu, na besi ambayo hatujawahi kuisikia

Jumapili, saa nne usiku, geto.

Najua nimepotea, msimaindi. Nilikuwa nakimbizana na sapu moja ya mwaka jana, halafu nikaenda nyumbani likizo, halafu bando ikawa hadithi nyingine. Nimerudi. Na leo naandika lile ambalo washikaji wa hapa wamekuwa wakinichekea tangu semista ianze, yaani habari ya mtu mzima na akili zake kuchukua hela ya bumu akanunulia amplifaya yenye umri mara mbili ya wake.

Ndiyo. Ni Sansui, AU-217, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Uso mweusi, vitufe vya chuma, wati 30 kila upande. Haina bluetooth, haina flashi, haina rimoti, haina taa za kuchezacheza. Ina uzito wa mtoto anayeanza kutembea. Mshikaji wangu wa chumba alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama ni jiko la umeme. Nikamwambia subiri. Bado anasubiri, maana yeye hajaisikia. Iko kwetu Mbalibali.

Niliinunua hapa Mwanza kwa jamaa mmoja anayeuza vitu vilivyotumika: pasi, feni, redio, mikasi ya saluni, kila kitu kimelundikwa pamoja. Akasema laki mbili na nusu. Tukavutana mpaka laki na themanini. Kuhusu hali yake aliniambia neno moja tu, "Hii ni Japani, kaka," kana kwamba hilo linatosha. Na mimi nikalikubali kana kwamba linatosha.

Sasa hapa ndipo nataka kila anayefikiria kununua kitu cha namna hii asome taratibu. Umeme wa Japani majumbani ni volti 100. Wa kwetu ni 230. Amplifaya nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje zina kiplagi kidogo nyuma cha kuchagulia volti, na zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe mara nyingi hazina, ni 100 basi, unahitaji transfoma ya kushushia. Ya kwangu ilikuwa na kiplagi. Ilikuwa imewekwa kwenye 120. Mimi sikuangalia. Nilifika geto kwa mbwembwe, nikachomeka kwenye ukuta, nikabonyeza POWER... puu! Harufu ikaja kama ya nywele zilizoungua. Chumba kizima kimya. Halafu kicheko.

Laki na themanini hiyo, wadau. Na bumu lilikuwa na wiki mbili tu.

Sitaki kuficha kitu hapa. Ile hela haikuwa ya kuchezea. Mdogo wangu wa kike alikuwa amechaguliwa kidato cha tano na nyumbani tulikuwa tumekubaliana kwamba mimi nitatoa tranka na godoro. Nilijiambia nitapiga pasi ndefu mwezi mzima, nile mara moja kwa siku, hela itarudi. Nilipiga kweli pasi ndefu, nikakonda, lakini hela haikurudi yote. Aliripoti shule na tranka la kuazima kwa jirani. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mama ndiye aliyesema. Nilishuka Mugumu na basi la kupitia Bunda, mzigo mapajani safari nzima kwa sababu nilikataa usiwekwe kwenye buti, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani. Mama akaja kunipokea, akaupima mzigo kwa mkono, akauliza ni nini. Nikaeleza. Akauliza bei. Nikamwambia (nilipunguza kidogo, Mungu anisamehe). Akanyamaza, akahesabu kwa kwetu tunavyohesabu, yaani kwa mifugo, akasema: "Mbuzi wawili na kuku juu. Sasa hicho kinakamuliwa?"

Sikuwa na jibu. Na kilikuwa hata hakiwaki.

Kwa wasiojua, Mbalibali ni wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Ukivuka mto Mara unaingia Tarime. Watu wakisikia Serengeti wanadhani asubuhi tunaamka tunawapisha simba njiani. Hapana bwana, tunaamka tunaswaga ng'ombe. Umeme wa REA ulifika nyumbani nikiwa sekondari. Kabla ya hapo redio yetu ilikuwa ya betri, na betri zikiishiwa nguvu tulizianika juani au tukazing'ata kidogo zitoe sauti ya mwisho ya taarifa ya habari. Kwa hiyo nyumba yetu haijawahi kuwa na muziki mkubwa. Ilikuwa na muziki mdogo, wa kusogelea sikio.

Fundi nilimpata Mugumu. Simtaji jina, hajaniruhusu. Ni mzee, kibanda chake hakina hata bango, na siku hizi asilimia kubwa ya wateja wake wanaleta chaja za simu na sabufa. Nilipoiweka Sansui mezani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuniuliza imeharibikaje. Aliangalia nyuma, akakiona kile kiplagi, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Nikajua amejua.

Alifungua mfuniko. Jamani, kama hujawahi kuona ndani ya amplifaya ya zamani, tafuta siku uone. Kila kitu kiko wazi. Transfoma ile pale, nzito kama tofali. Sansui hapo mwanzo, miaka ya 1940, walikuwa watengeneza transfoma kabla hata ya kuwa watengeneza redio, na inaonekana. Kapasita mbili kubwa zile pale. Transista za nguvu zimefungwa kwenye bati la kupozea joto. Kila kipande kina nafasi yake na unaweza kukifuata kwa kidole kuanzia waya wa umeme mpaka waya wa spika. Fungua sabufa ya kisasa uone: kibati kimoja, chip moja katikati, ikifa imekufa.

Shida ikawa macho. Rezista zile ndogo zina michirizi ya rangi, kila rangi ni namba, na fundi haoni tena tofauti ya kahawia na nyekundu. Akanipa kazi. "Soma." Basi nikawa nasoma: njano, zambarau, nyekundu. Yeye anajibu hapohapo bila karatasi: elfu nne na mia saba. Kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa. Elfu kumi. Tulikaa hivyo kutwa nzima. Mimi nipo chuo mwaka wa pili, nimefaulu mtihani wa umeme kwenye karatasi, na hii ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika rezista iliyoungua. Nilisikia aibu kidogo, nisiwadanganye.

Ilikuwa imekula fyuzi, na kapasita zile mbili kubwa zilikuwa zimevimba juu. Mugumu hazikupatikana, zikaagizwa huku huku Mwanza, zikaja na basi siku ya nne. Vitu na ufundi, elfu arobaini na tano. Nikakopa kwa baba mdogo.

Siku ya kuwasha, fundi hakuichomeka ukutani moja kwa moja kama mimi mjanja wa mjini. Alichukua balbu, zile za zamani za waya, wati 100, akaifunga katikati ya njia ya umeme kabla haujaifikia amplifaya. Akaeleza: kama ndani kuna shoti, balbu itawaka kabisa na kifaa hakitaumia. Kama kuzima, balbu itawaka sekunde moja wakati kapasita zinajaa, halafu itafifia. Akabonyeza. Balbu ikawaka, kali, kibanda kizima kikawa cheupe. Nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa imefifia, imebaki uzi mwekundu tu. Fundi hakusema kitu. Alitafuta tu bisibisi afunge mfuniko.

Halafu tahadhari aliyonipa, naipitisha: hata ukichomoa, zile kapasita kubwa zinaweza kubaki na umeme ndani. Usiingize vidole.

Sasa nije kwenye hoja yangu, maana naona naandika riwaya.

Spika niliazima kwa jamaa wa kinyozi pale kijijini, makabati mawili ya mbao ya ohm 8. Simu nikaiunganisha kwa ule waya wenye ncha mbili, nyekundu na nyeupe. Kwanza nikaingiza kwenye tundu la PHONO, ikatoka sauti ya kukoroma ya ajabu. Kumbe lile tundu ni la santuri, sindano inatoa umeme mdogo mno kwa hiyo pale unakuzwa mara nyingi, na besi inaongezwa kwa makusudi. Simu peleka AUX. Nikapeleka AUX. Nikaweka Mlimani Park ya miaka ile ya mwanzo, baada ya 1978 walipoanza, nakala niliyowekewa kwenye memori kadi kibandani, mp3 ya mp3 ya mp3.

Mzee alikuwa nje anachonga mpini wa jembe. Huu muziki anaujua, ameusikia kwenye simu yake kila siku. Aliingia taratibu, akakaa kiti cha pembeni, mpini bado mkononi. Mimi nilidhani atafuata waimbaji. Hakufuata. Kidole chake kilikuwa kinagonga ule mpini, na hakikugonga na sauti wala na gitaa la solo. Kilikuwa kinagonga na besi. Kila noti. Anajua inapopanda, anajua inaponyamaza. Wimbo ulipoisha akasema, "Mura, huyu ndiye tuliyekuwa tunamfuata kwa miguu. Musoma, nikiwa kijana. Nilidhani wameshamtoa."

Wameshamtoa! Nilicheka, halafu nikafikiri, nikaona hajakosea sana.

Uzi mnene wa gitaa la besi unatetema kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu, ile ya ukubwa wa ukucha, haiwezi kabisa kusukuma hewa polepole hivyo. Inaanza kufanya kazi ya maana juu sana ya hapo, kwenye mamia. Unachosikia ni mabaki ya juu ya ile noti, na ubongo unakisia zilizobaki. Ubongo wa Mzee ulikuwa na cha kukisia, aliwahi kuusikia mzima kwenye ukumbi. Wa kwangu hauna. Miaka yote hii nilikuwa nasema muziki wa dansi ni "zilipendwa", ni mwembamba, unapigapiga tu juu juu. Kumbe nilikuwa nimepewa mfupa nikasema nyama ya siku hizo ilikuwa ngumu.

Na bendi zile zilijengwa kuanzia chini. Solo, solo la pili, rithimu, besi, magitaa manne yanaongea kwa zamu, na besi ndiyo inayoshika nyumba. Sikinde walikuwa na Suleiman Mwanyiro kwenye besi. Ukimsikiliza kwenye kifaa kinachomtoa wote, unaelewa kwa nini watu walikuwa wanasimama kwenye viti waende kati. Tena rekodi zenyewe nyingi zilifanywa studio za RTD (leo ni TBC), kwa mikrofoni chache, bendi nzima inapiga kwa pamoja kwenye tepu ya mono. Kwa hiyo wajuaji watasema "stirio ya nini kwa muziki wa mono?" Sawa. Mimi nabonyeza kitufe cha MONO na spika zote mbili zinatoa kitu kimoja. Sikununua upana, nilinunua kina.

Kuna jambo lingine linalohusu watu wa huku mpakani. Santuri za bendi zetu nyingi zilikuwa zinachapwa Nairobi. Jumuiya ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa mpaka 1983, Sirari ikawa ukuta. Bendi zikaendelea kupiga, RTD ikaendelea kurekodi, lakini mtu wa kawaida wa Mara kununua santuri ya bendi ya Dar ikawa shughuli. Mtu aliutegemea muziki huo kutoka kwenye redio ya betri. Kwa hiyo wazazi wetu wengi waliosikia besi waliisikia ukumbini tu, mjini, walipokwenda vibarua. Akirudi kijijini imebaki huko. Ndiyo maana mimi sioni kwamba kifaa kama hiki ni anasa ya wazungu wenye hela. Kwetu kimechelewa miaka arobaini na kitu, kimefika.

Najua mtaniambia: "Si ununue sabufa tu? Besi si ipo?" Ipo, tena nyingi. Jirani yangu hapa geto anayo, nasikia ukuta unavyopumua sasa hivi ninapoandika. Lakini sikiliza vizuri: ile ni noti moja. Du, du, du. Hata besi ikipanda ngazi au ikishuka, yenyewe ni du. Niliwahi kuweka mwanamuziki wa kwetu wa litungu kwenye sabufa, zile nyuzi nene za chini ambazo kila moja ina neno lake zikawa kama mtu anatwanga muhogo chumba cha pili. Na huo utapeli wa wati! Kwenye boksi wameandika PMPO maelfu kwa maelfu. Geuza nyuma, soma kibandiko cha umeme inaoingiza: wati 40, 50. Hivi kifaa kinachopewa 50 kinatoaje 8,000? Mwalimu wa fizikia wa sekondari yoyote atakwambia. Sansui yangu wanasema 30 kila upande, na 30 unazipata.

Haya, na ubaya wake niuseme, nisije nikaonekana muuzaji. Inapata moto, usiweke kitambaa juu kama Mama alivyofanya siku ya pili (kitambaa cha kufuma, kizuri kweli, na maua). Kitasa cha sauti kinakwaruza ukikizungusha, fundi alipulizia dawa, kimepungua hakijaisha. Umeme ukiyumbayumba jioni inabidi kuchomoa. Kuhusu LUKU nilimpigia Mama hesabu: wati kama 50, saa mbili kila jioni, ni sehemu ya kumi ya uniti, shilingi chache tu. Akasema shilingi chache mara siku ngapi? Mama hashindwi.

Na ubaya mkubwa kuliko yote: ukinunua kitu hiki bila fundi, umenunua chuma. Basi. Mimi nasema kabla hujauliza bei, uliza kwanza fundi yuko wapi na ana umri gani. Wa kwangu hana mwanafunzi. Alikuwa naye mmoja, akaenda Nyamongo kutafuta dhahabu. Nikiwa pale kibandani walipita vijana wa vyuma chakavu na mzani wao, wakaiangalia Sansui, wakauliza kilo ngapi. Wanataka ile transfoma, kuna shaba ndani. Fundi akaniambia wameshanunua nyingi, redio za watu waliofariki, watoto wanauza kwa kilo kabla ya arobaini. Hapo ndipo nilipokasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Wale vijana wanatafuta riziki. Watoto wa marehemu nao hawajui. Mimi mwenyewe miezi mitatu nyuma ningeuza.

Ninachotaka ni kidogo. Kama kuna kabati la redio la babu limefunikwa kanga mahali, usiliuze kwa kilo wiki hii. Angalia kiplagi nyuma. Tafuta mzee mwenye balbu. Na sisi tunaosoma umeme hapa chuoni, tunaojua kanuni zote za Kirchhoff kwa moyo, tukienda likizo tukawasomee rangi hao wazee, maana wao ndio wana majibu na sisi ndio wenye macho. Mimi nimeshaongea na fundi, likizo ijayo nashinda kwake wiki tatu. Bila malipo, yeye hana hela na mimi nina deni.

Deni, ndiyo. Baba mdogo bado namdai kunidai, ha ha, yaani ananidai elfu ishirini. Godoro nimenunua bumu la pili, limeshafika shuleni. Tranka bado. Mdogo wangu alipiga simu juzi akitumia ya matroni, akauliza mambo mawili: tranka lini, na ile nyimbo ya Mzee inaitwaje ili aiombe redioni. Mama naye ananiambia Mzee siku hizi hachelewi kurudi jioni, ila analeta na wenzake wanne, na chai inaisha. Hajasema kama hilo ni shukrani au malalamiko, na mimi sijauliza.

Jirani amezima sabufa sasa hivi. Nina test kesho saa mbili asubuhi, na sijafungua hata daftari. Usiku mwema wadau.